Homa Niliyomtungia Mwanangu

Mwanangu alimjua kuku kabla ya kumjua nyanya yake.

Tunaishi Ujerumani, mimi, mume wangu na binti yetu mmoja, ambaye wakati huo alikuwa na miaka miwili na miezi minne. Mama yangu anaishi peke yake nje kidogo ya Kimilili, kaunti ya Bungoma, na kila Jumamosi tulimpigia simu ya video. Mtoto wa umri huo hana la kuzungumza na mtu aliye ndani ya kioo. Atamtazama kidogo, kisha aende zake kutafuta viatu vya baba yake. Mama aliliona hilo mapema, naye si mtu wa kushindwa. Akaanza kumkamata kuku wake mmoja mwekundu, mwenye kamba ya buluu mguuni, na kumleta mbele ya kamera. "Ona ingokho yako," anamwambia. Ingokho ni kuku kwa Kibukusu. Kuanzia hapo binti yangu hakubanduka kwenye simu. Neno lake la kwanza la lugha ya kwetu likawa hilo, na la pili likawa Kukhu, yaani nyanya. Kwa utaratibu huo, kuku kwanza.

Yule kuku hakuwa mchezo tu. Kwetu, mtoto akienda mara ya kwanza kwa kina mama yake haondoki mikono mitupu, hupewa kuku. Kama anaishi mbali, kuku hubaki kwa nyanya, lakini ni wake. Mayai ni yake, vifaranga ni vyake, na akirudi baada ya miaka hukuta ukoo mzima wa kuku unaomngoja. Kamba ya buluu mama aliifunga ili mtu asije akamchinja kwa bahati mbaya siku ya wageni. Aliifunga miezi minane kabla hatujakata tiketi.

Mume wangu hakupata likizo, kwa hiyo nilisafiri na mtoto peke yangu. Tulikuwa na siku kumi na tano. Tano za kwanza zilikuwa za Kitale, kwa mama mkwe, kwa kuwa mtoto ni wa kwa baba yake na huwezi kumruka baba yake ukaanzia kwingine. Kumi zilizobaki zilikuwa za mama yangu. Hilo nililisema mwenyewe, kwa mdomo wangu, na mama akalirudia kwa kila jirani: siku kumi.

Mama mkwe ni Mkikuyu, mjane, mzaliwa wa hapo hapo Trans-Nzoia. Wazazi wake walihama kutoka eneo la kati ya nchi wakaja kulima mahindi, na mahindi yakawajengea. Nyumba yake ina vigae sakafuni, maji ya moto bafuni, tenki mbili nje, na choo cha ndani kinachovutwa maji. Alitupokea vizuri. Alimpikia mjukuu wake viazi na minji, akamwacha acheze na kila kitu, pamoja na miwani yake. Baridi ya Kitale iliwafukuza mbu, na mtoto, baada ya kunisumbua siku tatu kwa uchovu wa ndege, alikuwa ameanza kula na kulala kama mtu.

Sasa niseme ukweli wangu bila kuupaka sukari. Siku ya tano sikutaka kuondoka. Kwa mama kulikuwa na choo cha shimo nyuma ya migomba, maji ya chemchemi, moshi wa jikoni na mbu. Mimi nililelewa na hivyo vyote na nilikua nikanenepa. Lakini nilikuwa nimekaa Ujerumani miaka saba, nimesoma vikaratasi vyote vya daktari wa watoto, na nikawa mwoga wa mahali nilipozaliwa. Nina aibu kuandika sentensi hiyo. Nilimwona mwanangu akianguka katika lile shimo. Nilimwona mara kumi kwa siku, nikiwa macho.

Jioni hiyo mama akapiga simu. "Mayi, kesho mnatoka saa ngapi?" Kwetu mzazi humwita binti yake mayi, mama, kwa mapenzi. "Nijue saa ya kuweka maji kwa moto."

"Mama, mtoto ana joto kidogo," nikasema.

Sikuwa nimepanga. Neno lilitoka, na baada ya kutoka likakaa hapo kama mgeni aliyeshika kiti.

"Joto? Ati joto? Umempima?"

"Nimempima. Thelathini na tisa."

Kazi yangu Ujerumani ni kutunza wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Kila asubuhi napima joto la watu kumi na wawili, kwa hiyo namba haikunipa shida. Nawaogesha mama za watu wengine, nawachana nywele, nawauliza walivyolala na kungoja jibu. Mama yangu nilimpa namba ya uongo, halafu nikamwambia mtandao ni mbaya.

"Basi msitoke," alisema. "Mtoto ya homa hawezi bebwa kwa upepo. Mimi nitaomba."

Mama mkwe nilimwambia tu kwamba tumeonelea tukae kidogo zaidi. Akafurahi sana. "Kaeni, mami. Hii nyumba ni kubwa ya nini kama si nyinyi?" Homa sikuitaja kwake, maana angemshika mtoto paji la uso na mambo yangeishia hapo. Kwa hiyo nikawa na nyumba moja ambamo mtoto ni mzima na nyingine, ng'ambo ya mashamba ya mahindi, ambamo ni mgonjwa. Kwa siku tatu niliishi katika zote mbili. Mama alipiga asubuhi, mchana na jioni, nami niliipandisha homa na kuishusha. Nilikataa video, nikasema mtoto amelala. Alikuwa nyuma ya nyumba akimfukuza paka.

Siku ya nne ya uongo wangu, mama hakupiga asubuhi. Nilishukuru, Mungu anisamehe. Nilimjazia mtoto maji kwenye karai uani, nikamvua nguo akabaki na chupi, nikaanza kuanika nguo huku akirusha maji na kupiga kelele za furaha. Saa nne hivi mbwa akabweka. Mama mkwe akaenda kufungua geti, nami nikachungulia kati ya mashuka.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imefika mwisho, na mwishoni pake amesimama mama yangu.

Ili mtu aelewe uzito wa kumwona hapo, lazima ajue jambo moja. Kwetu, mama wa mke haingii kwa wakwe zake kabla hajapelekwa rasmi, na wanawake wa ukoo, na vikapu, na nyimbo. Hali chakula chao, hakalii kiti chao. Sisi tulifunga ndoa tukaondoka, na siku hiyo ya kumpeleka ilikuwa bado inangoja turudi. Mama huzishika adabu hizo kuliko hata wazee wa kanisa wanavyomshika Musa. Ndiye aliyewahi kumsema dada yake mwaka mzima kwa kunywa maji ya kunywa, maji tu, kwa mkwewe. Na sasa alikuwa hapo bila kualikwa, bila mtu wa kumsindikiza, na kapu mkononi na matope ya Kimilili kwenye viatu vyake vya kanisani.

"Mulembe, mama," alimsalimu mama mkwe. "Samahani kuingilia hivi. Nimesikia mtoto ni..."

Hapo akamwona mtoto kwenye karai. Alimtazama vizuri, kisha akamalizia, "Nimesikia mtoto anapenda uji. Nimereta unga ya wimbi."

Wakati huo nilijiambia kwamba ameona haya kutaja ugonjwa mbele ya wakwe. Nilijiambia haraka sana.

Mtoto alitoka kwenye karai akaenda getini akichuruzika maji. Alimtazama huyu mwanamke mzima mzima, mwenye miguu, asiye na kioo. Alifikiri. Kisha akauliza swali lililokuwa muhimu kwake. "Ingokho?"

"Iko nyumbani," mama akasema. "Iko nyumbani inakungoja." Akapiga goti pale kwenye kokoto, akampangusa uso kwa leso, akamshika shingo kwa mgongo wa mkono, akamtazama usoni kwa muda mrefu. "Mungu ni mwema," alisema.

Mama mkwe alimkaribisha ndani. Mama akashukuru, akakataa. Mama mkwe akaleta kiti mpaka getini, na chai kwenye kikombe chake kizuri. Mama akashukuru tena, akabaki amesimama. Saa nzima alicheza na mjukuu wake upande wa nje wa geti, kando ya mtaro, na chai ikafanya utando kwenye kiti. Nilikuwa nimesimama kati yao nikitabasamu kama mwendawazimu. Kisha akaniambia nisimharakishe mtoto kusafiri, tuje akiwa tayari, akashika njia ya kurudi stendi. Alikuwa na miaka sitini na minane, amesafiri kutoka alfajiri, na hakuwa ameketi.

"Huyo mama yako ana msimamo," mama mkwe alisema akibeba kiti. "Kwani chai yangu iko na nini?"

Nilimweleza ile desturi. Alitikisa kichwa polepole. "Sasa ni nini ilimleta, kama ni mwiko hivyo?"

Nikasema ni hamu ya mtoto. Ndani ya kapu, chini ya unga wa wimbi, nilikuta chupa mbili za dawa ya maji ya homa, na kitambaa kipya cha kumkanda.

Kesho yake tukaondoka. Tulipita Kiminini mtoto akiimba ingokho, ingokho, mpaka dereva akamwuliza kama anafungua hoteli.

Nilichokikuta nyumbani sikukitarajia. Kila woga niliowahi kuutaja kwenye simu kwa miezi, hata kwa kupitia tu, mama alikuwa ameushughulikia. Dirisha lilikuwa na wavu. Kitanda kilikuwa na chandarua kipya, bado kina mikunjo ya dukani. Maji yaliyochemshwa yalikuwa kwenye ndoo yenye bomba, na juu yake kikombe kidogo ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Na choo! Choo kilipigwa saruji sakafu nzima, na fundi alikuwa amekata miguu ya kiti cha mbao, akatoboa tundu la ukubwa wa sahani ya chai, akalipiga msasa mpaka likateleza. Hakuna mtoto ambaye angeweza kuanguka pale, hata angejaribu. Binti yangu alikipenda kile kiti kuliko zawadi zote. Alikaa hapo akisalimia wapita njia kupitia mlango ulio wazi, na kumtoa ilikuwa vita.

Mimi nilitembea na sandali zangu hadi bafuni, nikakoroga dawa ya kusafisha maji kwenye maji ambayo tayari yalikuwa yamechemshwa. Mama alicheka. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," alisema.

Mtoto na kuku wakakutana. Alimfuata toka asubuhi mpaka jua linazama, akimpa wali, akimpa soksi. Siku kumi zilikuwa zimekuwa sita, na mama hakuzihesabu mbele yangu. Nilizihesabu mimi. Kila mtoto alipojifunza kitu kipya, kama kuchambua mboga au kumwita mbuzi, niliwaza vingine vinne ambavyo angejifunza katika zile siku nne nilizozila.

Jumapili tukaenda kanisani. Nilishangaa kumwona mama amembeba yule kuku kwapani, lakini nikadhani anampeleka kwa jirani. Wakati wa shukrani ukafika, akasimama, akaenda mbele.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Niko na furaha. Mjukuu wangu ametoka ng'ambo, ni yule pale. Wiki hii niliogopa. Niliweka ahadi kwa Mungu, nikasema, nikimkuta huyu mtoto akiwa mzima, nitakutolea kuku yake mwenyewe. Nilienda, na nilimkuta akiwa mzima. Sasa nimereta."

Akina mama walipiga vigelegele. Mchungaji, ambaye alinifundisha shule ya Jumapili, alinitazama kwa upendo mtupu. "Binti yetu, hebu ongeza neno."

Ningeweza kusema asante nikaketi. Hakuna aliyenilazimisha zaidi ya hapo. Lakini nilisimama, watu mia moja na zaidi wananitazama, na nikasikia sauti yangu ikieleza homa ilivyokuwa kali, mtoto alivyokataa chakula, nilivyokata tamaa usiku wa pili. Nilitoa hata chozi. Chozi lilikuwa la kweli, lakini wao walidhani ni la kitu kingine. Wakasema amina mara tatu.

Kuku akapigwa mnada kama zinavyopigwa sadaka zote za mifugo. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi akamchukua, akamtia chini ya kwapa na kwenda kuketi safu ya nyuma. Binti yangu aligeuka akasimama juu ya benchi kumtazama. Hakulia mpaka ibada ilipoisha na mwalimu akatoka kupitia mlango wa pembeni, na ile kamba ya buluu ikining'inia. Hapo alilia mpaka nyumbani. Aliita ingokho njia nzima, na watu waliokuwa wametoka kusema amina wakampisha.

Nilikaa na jambo hilo moyoni hadi Jumanne, siku ya kuondoka. Mama alikuwa jikoni akitukaangia njugu za safari, mtoto yuko nje kwenye kiti chake. Niliketi kwenye kigoda.

"Mama, mtoto hakuwa na homa."

Aligeuza njugu. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu geti. Mtoto akitoka kwa homa midomo inakauka, inapasuka hapa na hapa. Yake ilikuwa raini kama siagi."

"Mbona hukusema?"

"Niseme mbele ya mama mkwe wako? Akujue uko mwongo, halafu mimi niende nikuache hapo kwake?" Alipunguza moto kwa kutoa kuni moja. "Hapana. Hiyo si adabu."

"Na kuku? Kama ulijua, kuku ulimtoa ya nini?"

Alinitazama kama vile nimeuliza mvua hutoka wapi. "Niliahidi nikiwa Kamukuywa nangojea gari ya Kitale. Nilisema nikimkuta mzima. Si nilimkuta mzima? Sasa nimwambie Mungu ati ilikuwa mchezo?"

Nilirudia kichwani maneno yake ya kanisani, moja baada ya jingine. Niliogopa. Niliahidi. Nilienda. Nilimkuta mzima. Hakuna hata moja lililokuwa la uongo. Aliyedanganya siku ile kanisani ni mtu mmoja tu, na aliitikiwa amina mara tatu.

Nililia. Aliniacha nilie kiasi, kisha akanisogezea ungo nipepete njugu.

"Ungeniambia tu unaogopa choo," alisema. "Choo nilikuwa nimetengeneza."

Mtoto aliondoka kwa nyanya yake na mayai mawili ya kuchemsha, ya yule yule kuku, yaliyotagwa kabla ya Jumapili. Tuliyala uwanja wa ndege. Alilila lake lote. Langu lilinikwama, nikalimalizia kwa maji.

Siku hizi Jumamosi bado tunapiga simu. Mama amemtafuta kuku mwingine, mweusi, lakini mtoto humtazama tu kwa heshima na kuuliza yule yuko wapi. "Ameenda shule," mama humwambia, "anakaa na mwalimu." Huo ndio uongo wa pekee niliowahi kumsikia akisema, na hata huo una nusu ya ukweli.

Juzi, katikati ya baridi ya huku, mwanangu aliugua kweli. Nilimpima: thelathini na tisa. Nilitazama ile namba nikahisi kama mtu ameniita kwa jina. Nilimpa dawa, nikamlaza kwenye kochi, na simu ya video ya mama ikaingia. Nilimfikiria pale stendi ya Kamukuywa, amesimama na viatu vya kanisani, akitafuta kitu cha kumwahidi Mungu, na safari hii hakuna geti la kufika.

"Mtoto anaendeleaje?" aliuliza.

"Mzima, mama. Amelala tu."

Nilisikia kuku wakilia nyuma yake.

"Sawa, mayi," alisema. "Geuza hiyo kamera nione midomo yake."

Niligeuza.